Kitambaa Juu ya Rauta

Rauta ya bibi, kile kidude cha kusambaza intaneti, ilikuwa na taa nne za kijani, na kipindi kile mie niliziamini taa zile kuliko macho yangu. Zikiwaka zote nne nilisema mtandao upo, basi. Sikujua bado kwamba taa inaweza kuwaka vizuri kabisa, na mtu akakaa hatua kumi na tano tu kutoka hapo, ameshika simu, anamuuliza mwanawe jambo kubwa la maisha, na mwanawe asimsikie.

Huyo bibi si wa damu yangu. Ni mwenye nyumba wetu, Tandika, nyumba ya korido yenye vyumba sita na ua nyuma. Mama na mie tumepanga chumba kimoja katikati. Bibi ana sebule yake mbele kabisa, na chumba chake cha kulala kiko mwisho wa korido, karibu na mlango wa uani. Yeye ni Mzaramo wa hapahapa, sie ni Wanyamwezi wa Tabora, watu wa kanisani. Maana yake ni watani, na bibi hakuwahi kuiacha siku ipite bila kuitumia haki yake. Nikimwamkia asubuhi aliitikia marahaba, mtani, halafu aliniuliza kama leo pia tutakula au jana ilitosha. Siku aliponiona naingia getini na roli la waya begani, aliwaambia wapangaji waliokuwa wanafua kwamba babu zangu walikuja pwani wamebeba mizigo kichwani, na mjukuu wao wa kike naye kaja amebeba, sema safari hii ni nyuzi.

Waya ule ulikuwa wa kazi. Kidato cha nne nilimaliza na matokeo ambayo mama aliyakunja mara nne, akayaweka ndani ya Biblia, na hatujayazungumza tena. Nikauza maandazi, nikauza vocha, mwisho nikapata nafasi ya kujifunza kwa fundi mmoja Buguruni anayefunga mitandao kwenye maduka na gesti. Fundi aliniita injinia tangu siku ya kwanza. Mwanzoni alikuwa ananicheka, baadaye likawa jina tu. Alinifundisha kumenya waya bila kujeruhi nyuzi za ndani, kupanga nyuzi nane kwa rangi zake, kuzibana kwenye kichwa cha plastiki, kupima.

Kabla ya hapo nilidhani intaneti iko juu, kama mvua, inatushukia. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba ni mashine za watu tu, zimeungwa, nyingi kwa waya, nyingine waya wake umelala chini ya bahari. Hii yako inaiuliza ile, ile inaijibu. Nilirudi nyumbani siku hiyo naangalia mapaa. Nilikuwaga natembea hivyo, kichwa juu, najikwaa, naona kila bati lina uzi mwembamba unaoliunganisha na bati la pili, na la tatu, mpaka Mbezi Beach, mpaka baharini, mpaka ng'ambo. Mama alisema nitagongwa na bodaboda.

Sasa, bibi ana binti mmoja tu aliyebaki. Binti huyo alifiwa na mume, akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, mwaka wa tano sasa. Siku yake ya kupumzika ni Ijumaa, na waajiri wake humwachia simu kuanzia saa nane mchana, kwa muda wa saa moja hivi. Zamani alikuwa anapiga, bando la bibi linaisha katikati ya salamu. Ndipo akatuma rauta, ile ndogo ya kuweka laini ndani, ili amwone mama yake uso bila kuhesabu dakika. Bibi akaniita mie niifunge. Kazi yangu ya kwanza peke yangu, bila fundi nyuma yangu.

Niliifunga kwa dakika kumi. Tatizo lilikuwa wapi pa kuiweka. Mie nilitaka juu ya meza karibu na mlango. Bibi alinitazama kama nimemwambia aweke dhahabu kizingitini. Kitu kimetoka kwa mwanawe, kimepanda ndege, kitakaa mezani vumbi likipige? Akafungua kabati lake la vioo, lile la vyombo vya wageni, akasogeza chupa za chai na masinia mawili ya bati, akaiingiza rauta nyuma ya masinia. Halafu akatoa kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono, chenye maua ya waridi pembeni, akaifunika. Redio yake imefunikwa hivyo. Televisheni imefunikwa hivyo. Hata jagi la maji lina kofia yake. Kitu cha thamani hakikai uchi kwenye nyumba ya bibi.

Fundi alishaniambia rauta inataka hewa na isizibwe na bati. Nilijua. Lakini yule ni mkubwa, nyumba ni yake, kitambaa ni kizuri, na taa nne zilikuwa zinaonekana kwa mbali kati ya masinia, kupitia matundu ya waridi. Nikasema imekaa vizuri, bibi.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa sikukuu. Bibi alikaa sebuleni na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, binti yake kwenye kioo anacheka na kulia, na wapangaji wote tukapita kumpungia mkono. Bibi aliniuliza sura ya mtu inapitaje hewani. Nikapata mfano papo hapo, na mpaka leo najivunia. Nikamwambia, bibi, si unajua mwezi wa Ramadhani unavyotoa futari kwenda kwa majirani? Hutumi sufuria zima. Unapakua kwenye vibakuli, kila kibakuli unasema hiki cha nyumba ile, watoto wanatoka nacho, huyu anapita uchochoro huu, yule anapita barabarani, na wote wanafika. Mtandao nao unaikata sura ya mwanao vibakuli vibakuli, kila kimoja kina anwani, kinapita njia yake, kule mwisho vinapangwa tena inakuwa sura.

Bibi alifikiri. Akauliza, na aliyetuma anajuaje kama kimefika?

Nikamwambia, kama wewe unavyojua. Kibakuli kinarudi. Kisiporudi, unatuma mtu akaulize.

Alipiga paja kwa furaha, akasema kumbe hawa wazungu waliiba akili kwa Wazaramo. Sikumwambia sehemu ya pili ya somo, kwamba kwenye maongezi ya simu, ya papo kwa papo, hakuna muda wa kutuma mtu akaulize; kipande kilichopotea kimepotea, na ndiyo maana sauti inakatika. Niliona haina haja. Ningemwambia, labda yote yaliyofuata yasingetokea.

Wiki chache baadaye binti akasema ana jambo. Kuna mwanaume amemposa hukohuko, mpishi, Mtanzania mwenzake. Baba yake mdogo ameshakubali kusimama kama walii wa kumwozesha, lakini yeye hawezi kuingia kwenye ndoa bila radhi ya mama. Alitaka aisikie kwa masikio yake, kwa mdomo wa mama yake. Ndoa ingefungwa mwisho wa mwezi.

Bibi hakuwa na neno na mwanaume. Alikuwa na swali moja tu, na alimwambia mama yangu wakiwa wanachambua mchele uani: huyu akiolewa huko, atarudi? Au ndiyo nimeshazaa mtoto wa kwenye simu? Alisema radhi ataitoa akishajibiwa hilo, na si kabla.

Ijumaa iliyofuata akauliza, simu ikakatika. Ijumaa ya pili akauliza, sura ya binti ikaganda mdomo wazi, kisha kioo kikawa cheusi. Bibi alitoka na simu mkononi, akaniita uani, akaniuliza hiki kidude chako kina nini.

Nikaichukua simu sebuleni, mbele ya kabati, nikafungua video ya kaswida. Ikacheza kama maji. Nikainua pembe ya kitambaa: taa nne, kijani. Na hapa ndipo nilipokosea, na siwezi kumsingizia mtu. Fundi ana kanuni moja, anairudia kila asubuhi: kabla hujamlaumu mtu wa mbali, shika kazi yako kwa mkono, kuanzia pale mteja anapokaa. Mie nilianzia kwenye taa na nikaishia kwenye taa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Wapangaji walikuwa wanasikiliza. Nikasema, kwa sauti ya injinia, kwamba huku kwetu kuko safi kabisa, shida iko kule kwake.

Bibi akasema, "Kule kwake."

Nikasema ndiyo bibi, kule.

Hakutania siku ile. Ijumaa ya tatu ikakatika tena palepale, kwenye swali, na jioni alimwambia mama kwamba ameelewa. Mtoto akiulizwa mambo ya watu, soko, mvua, nani kafa, anaongea nusu saa. Akiulizwa atarudi, anakata. Shida iko kule kwake, hata fundi kapima kasema. Basi aolewe, yeye hamzuii, ila radhi asiitegemee, na Ijumaa hiyo iliyobaki kabla ya ndoa hatapokea simu.

Mama alinisimulia hayo huku anakunja kanga, hajui kwamba ananichoma. Fundi aliyepima ni mie. Nilijiambia kwamba labda kweli ni kule. Nani anajua mambo ya Uarabuni? Lakini kuna kitu hakikukaa. Mtandao mbovu haujui maswali. Haukai ukasubiri salamu ziishe.

Jumanne bibi aliniomba nimsaidie kutundika pazia jipya chumbani kwake, maana hawezi tena kupanda stuli. Nilikuwa na simu yangu mfukoni, nimeunga kwenye waifai ya bibi kama wapangaji wote, inapiga singeli kwa sauti ya chini. Nikatembea koridoni na pazia begani. Nilipovuka mlango wa chumba cha bibi, wimbo ukaganda. Nikarudi nyuma kuchukua misumari. Ukaendelea. Nikaingia tena. Ukaganda.

Nilisimama pale mlangoni. Bibi akaniuliza kama Wanyamwezi huwa wanatundika mapazia kwa kuyatazama.

Nikamuuliza, akiongea na binti yake anakaaga wapi. Akasema sebuleni, si unaniona? Nikamuuliza, na ukitaka kumuuliza lile jambo? Akanishangaa kama mtoto asiye na adabu. Akasema, "Lile? Naingia humu, nafunga mlango. Jambo la mwanangu nitaliongelea sebuleni, nyumba nzima masikio?"

Kuta tatu za tofali, masinia mawili, kitambaa. Bibi mwenyewe alikuwa anatembea kutoka kwenye mtandao kila anapofika kwenye swali, kwa heshima tu, anambeba mwanawe mkononi mpaka mahali ambapo hawezi kusikilizana naye, anafunga na mlango.

Nilitundika pazia kwanza. Nilitaka mikono iwe na kazi. Halafu nikashuka kwenye stuli, nikakaa chini kwenye mkeka na kumwambia yote: kwamba binti hakukata hata mara moja, kwamba chumba hiki mtandao haufiki, kwamba nilijua kabati si mahali pake nikanyamaza, kwamba nilisema shida iko kule bila kupima huku, kwa sababu niliona aibu mbele ya watu.

Bibi alikaa kitandani anaangalia pazia. Nilitegemea atanipiga utani, hata ule mkali, wa kunitukania ukoo. Angefanya hivyo ningejua tuko salama. Alisema tu, "Binti, umenifanya nimnunie mwanangu." Binti. Hakuniita mtani. Akaniambia niende.

Fundi nilimweleza kesho yake dukani, nikijua atanifukuza. Hakupandisha sauti. Aliniuliza nilianza kupima wapi. Nikasema kwenye taa.

"Mteja anakaa kwenye taa?"

Nikasema hapana.

Akainama chini ya meza, akatoa kirauta kikuukuu tunachojifunzia, akakifuta vumbi kwa shati lake, akanipa na waya mita ishirini. Akasema kikae chumbani kwa bibi, kipokee mtandao kwa waya kutoka kile cha sebuleni, kiumwage tena humo ndani. Kisha akasema safari hii nisitoke kwenye ile nyumba mpaka nimekaa kitandani kwa bibi na simu imefanya kazi.

Ijumaa asubuhi nilibisha hodi. Shikamoo ikaitikiwa, basi. Nilimwomba ruhusa ya kupitisha waya koridoni, juu, karibu na dari, ambapo hautamkwaza mtu. Alijisogeza kunipisha, nikachukua kwamba ni ndiyo. Mama alinishikia ngazi. Nilipigilia vishikizo kimoja kimoja kutoka sebuleni mpaka mwisho wa korido, nikapitisha waya kwenye kidirisha cha juu ya mlango. Kwenye kabati nikaomba ruhusa mara ya pili, nikatoa rauta nyuma ya masinia. Ilikuwa ya moto kama chungu, maskini. Nikaiweka juu ya kabati, wazi, na kitambaa nikakikunja na kumkabidhi bibi kwa mikono miwili. Alikipokea.

Nilikaa kitandani kwake nikapima. Kaswida ikacheza. Nikafunga mlango, ikacheza.

Saa nane kamili simu ikaita. Bibi alikuwa sebuleni, ameishika, haipokei. Ikaita mpaka ikanyamaza. Mama na mie tulikuwa koridoni. Ikaita tena. Bibi akanyanyuka, akapita mbele yetu na simu inaita mkononi, na alipofika mlangoni kwake akageuka akanitazama mie.

"Ingia. Leo ikikatika nataka nikuone uso."

Hajawahi kumwingiza mpangaji yeyote kwenye mazungumzo yale. Nikaingia, nikakaa kwenye mkeka, yeye kitandani. Akafunga mlango na kupokea. Salamu zilikuwa fupi. Nilimsikia binti anasema alidhani mama hatapokea leo. Bibi akauliza moja kwa moja, bila kuzunguka.

"Mwanangu, ukiolewa huko, utarudi?"

Kimya.

Mie najua kile kimya ni nini. Sauti inasafiri mbali, inaenda na inarudi, kuna nafasi ndogo katikati ambayo ukiizoea huisikii. Lakini kwa bibi ilikuwa ileile ya Ijumaa tatu. Niliona uso wake unajifunga. Dole gumba likasogea kwenye kile kitufe chekundu.

"Hajakata, bibi," nikasema. "Jibu liko njiani."

Dole likabaki hewani. Ndipo sauti ikaingia, safi, kama mtu yuko uani.

"Mama, tunarudi. Mkataba wake ukiisha tunarudi wote, kwao Kilwa, na kwako si mbali. Mama, hili nimekujibu Ijumaa zote tatu. Nilikuwa naongea peke yangu?"

Bibi alifunga macho. Angeweza kuniweka wazi pale, na nilistahili. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa. Akasema polepole, "Hukuwa peke yako, mama. Katikati palikuwa na Mnyamwezi."

Nilicheka machozi yakanitoka kwa pamoja, nikaziba mdomo kwa kanga. Kule mbali binti anauliza Mnyamwezi gani, mama, na bibi anamwambia hayo tutayaongea siku nyingine, sasa nisikilize. Akajiweka sawa kitandani, akavuta ushungi wake mbele kama mtu anayeingia kwenye shughuli. Nikajua si pangu tena. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikatoka, nikaufunga taratibu. Kwa nje nilisikia tu mwanzo: nimekuridhia, mwanangu, nimekuridhia. Mengine waliyasema wenyewe, na mtandao ukakaa nao mpaka saa tisa.

Siku ya ndoa walioana huko, na huku bibi akapika. Ilipofika jioni mtoto wa mpangaji mwenzetu alitugongea na bakuli la visheti. Lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe chenye waridi pembeni. Rauta tangu siku ile inakaa juu ya kabati, uchi, na bibi akiwa na wageni huwaeleza kwamba kile kitu kina joto kama mjamzito, msikifunike.

Visheti tukala. Mama akaliosha bakuli, na kwa kuwa halirudishwi tupu, akalijaza karanga za kwetu Tabora, akalifunika kwa kitambaa kilekile na kunituma. Nilipovuka uani bibi alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyuma ananitazama nakuja nalo, mikono miwili, polepole nisimwage. Akalipokea, akainua pembe ya kitambaa, akachungulia karanga.

"Mtani," akasema. "Kimefika."